Kufungua flaiwili ya mashine ya boti: kipi ununue, kipi uchongeshe, na kazi yenyewe hatua kwa hatua

Mashine ya kwanza niliyoiharibu ilikuwa ya ami yangu, Yamaha ya nguvu farasi 40, pale pwani ya Mokowe, msimu wa kusi. Koili ya umeme wa cheche, iliyo chini ya flaiwili (lile gurudumu zito la chuma juu ya mashine), ilikuwa imekufa, nami nilikuwa na nyundo ya kilo moja, bisibisi kubwa, na ile spana ya kurekebisha ambayo mafundi wameibandika jina lisilotajika mbele ya wazee. Bisibisi nikaipachika kwenye meno ya flaiwili ili isizunguke. Nati ikalegea, na jino moja likaenda nayo. Flaiwili yenyewe ikagoma. Nikaipiga krenki, ule mhimili unaoibeba flaiwili, kichwani. Nikapiga tena. Nilipoinama kutazama, ncha ya krenki ilikuwa imetawanyika kama mswaki wa mti uliokwisha kutafunwa, na nati haikuingia tena.

Ami hakunigombeza. Alisema tu: "Ungeniuliza, ningekwambia utafute wa kuishika kwanza." Nilidhani anasema msaidizi. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba alikuwa akisema kifaa.

Huku Amu, yaani Lamu, boti ndiyo matatu yetu, ndiyo ambulensi, ndiyo lori la saruji. Mashine ikikufia katikati ya mkondo wa Mkanda na maji yanakupwa, unaweza kulala hapo ukingoja yajae. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye boti, hata kama si fundi, atafika siku ya kuifungua flaiwili au kusimama juu ya kichwa cha anayeifungua. Haya ni ya siku hiyo.

Kinachoishika flaiwili

Watu wengi hununua vifaa kabla ya kujua wanapigana na nini. Flaiwili imeshikwa na vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni nati iliyo juu. Hii ni ya kuzungusha. Kwenye mashine nyingi za boti uzi wake ni wa kawaida, unafunguka kinyume cha mshale wa saa, lakini zipo mashine ndogo zenye uzi wa kushoto, kwa hiyo kabla ya kujitundika kwenye mpini tazama mlalo wa uzi pale krenki inapochomoza juu ya nati.

Cha pili hakionekani. Ncha ya krenki imechongwa mfano wa pia, nyembamba juu na nene chini, na tundu la flaiwili limechongwa vivyo hivyo. Nati inapokazwa, chuma hubanana na chuma hadi viwili vinakuwa kama kimoja. Mafundi wa leidhi, ile mashine ya kuchongea chuma, huuita mchongo huo tepa. Hata ukiitoa nati yote ukaiweka mfukoni, flaiwili itabaki pale pale imekaa kama mfalme. Hapo ndipo vijana hushika nyundo. Tepa haizungushwi wala haipigwi. Huvutwa, na ikikubali huachia ghafla, kwa mlio mmoja.

Kati ya viwili hivyo kuna kii, kipande kidogo cha chuma kama nusu mwezi, kilicholala katika mfereji wa krenki. Watu hudhani kii ndiyo inayoizungusha flaiwili. Sivyo: kazi hiyo ni ya tepa. Kii inaonyesha tu flaiwili ikae wapi, ili cheche itoke wakati wake. Ukigonga fungu la mchanga mashine ikasimama ghafla, kii inaweza kukatika nusu, flaiwili ikahama kidogo, na tangu siku hiyo mashine inapiga kelele, inarudisha moto kwenye kabureta, au haiwaki kabisa ingawa plagi ina cheche. Hiyo ni sababu moja ya kufungua. Nyingine ni koili zilizo chini yake. Zaidi ya hizo, iache. Flaiwili haifunguliwi kwa udadisi.

Kishikio ndicho kitu cha kwanza kununua

Mtu akiwa na pesa kidogo hukimbilia mpini mrefu wa soketi. Ningemwambia aanze na kishikio, kwa sababu nguvu unayoitia kwenye nati lazima ipingwe na kitu, na kama hukukichagua wewe kitu hicho, mashine itakuchagulia: litakuwa jino, fini ya kupozea, au pistoni.

Fanya hesabu. Ukiegemeza uzito wa kilo 30 kwenye mpini wa nusu mita, nati inapata karibu nyutoni mita 147. Nguvu hiyo hiyo inarudi upande wa pili. Ikipita kwenye ncha ya bisibisi iliyobanwa kwenye jino moja la chuma cha kumimina, jino litavunjika, na starta ya umeme ikifika hapo baadaye itakuwa inalia bila kushika.

Kishikio kizuri ni mkono wa chuma wenye vidole viwili vinavyoingia kwenye matundu ya uso wa flaiwili. Cha dukani hufunguka na kufunga kama mkasi, kwa hiyo kinakubali mashine za ukubwa mbalimbali. Ukikishika dukani tazama mambo mawili: vidole viwe vinene visivyopinda ukivibana, na pale mikono miwili inapokutana kusiwe na mchezo. Kikitikisika mkononi, chini ya mzigo kitaruka.

Kama hukipati, chongesha. Bapa la chuma la upana wa sentimita 4 na unene wa milimita 8, urefu wa mkono mmoja, matundu mawili yaliyopimwa kwenye flaiwili yako mwenyewe, na bolti mbili zilizokatwa zikawa vidole. Fundi wa kuchomelea anakimaliza kabla chai haijapoa. Ubaya wake ni kwamba kinafaa mashine moja tu, lakini wengi wetu tuna mashine moja tu. Hakikisha vidole havipiti chini ya uso wa flaiwili kiasi cha kugusa koili.

Kishikio cha mkanda nacho kinafanya kazi, kile cha kuzungushia ukanda mzito pembeni mwa flaiwili. Kwa mashine ya 15 nimekitumia sana. Kwa ya 40 iliyokazwa na mtu mwenye hasira, mkanda huteleza, hasa ukiwa na oili.

Na ile hila ya kamba? Unaingiza kamba laini kupitia tundu la plagi, pistoni ikipanda inaibana, krenki inasimama. Nimeona ikifanyika vizuri. Lakini mashine zetu nyingi ni za kuchanganya oili na petroli, na silinda zake zina madirisha ukutani ya kutolea moshi. Ukiingiza kamba kabla pistoni haijapanda ikayapita madirisha hayo, kamba huingia dirishani, inakatwa, na kipande kinabaki ndani. Sasa una kazi mbili.

Cha kuzungushia

Hapa sitakawia. Soketi iwe ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, kwa sababu ya pembe sita hushika ubapa wa nati na ile nyingine hushika kona, na kona ndizo zinazolika. Iwe ya mpini wa nusu inchi. Mpini uwe mrefu na mtupu, bila racheti (kile kichwa chenye meno kinachoshika upande mmoja tu): meno ya racheti ni madogo, na kazi ya kuvunja nati ya kwanza si yake. Ukiwa na mashine ya betri ya kufungulia nati, hewala, inarahisisha sana maana mapigo yake ni mafupi na hayahitaji kushikwa kwa nguvu. Usiitumie kukazia.

Spana ya kurekebisha, iache nyumbani.

Pula

Pula ni kifaa cha kuivuta flaiwili itoke kwenye tepa. Hapa ndipo pesa inapolala, na ndipo watu wanapokosea zaidi.

Maduka ya spea yamejaa pula ya makucha, ile yenye mikono miwili au mitatu inayokumbatia kitu kwa nje. Ni kifaa kizuri cha beringi na puli. Kwa flaiwili ni sumu. Makucha hushika ukingo, skrubu husukuma katikati, na flaiwili inapinda kama sinia. Sumaku zilizobandikwa ndani kwa gundi hupasuka au kung'oka. Utaitoa, naam, lakini ukiirudisha itakuwa inayumba na kukwaruza koili.

Unayoitaka ni pula ya bapa: bamba nene lenye skrubu kubwa katikati na bolti tatu pembeni. Bolti hizo zinaingia kwenye matundu matatu yenye uzi yaliyo karibu na kitovu cha flaiwili. Waliotengeneza mashine waliyaweka hapo kwa ajili hiyo hiyo. Kwa kuwa nguvu inavuta karibu na kitovu, hakuna kinachopinda.

Ukiwa dukani, itazame hivi.

Matundu ya bamba yawe marefu kama vidirisha, si ya duara, ili bolti ziweze kusogezwa kulingana na mashine. Skrubu ya katikati iwe na uzi mwembamba, maana uzi mwembamba unavuta kwa nguvu zaidi kwa msukumo ule ule wa mkono, na ncha yake iwe na kofia inayozunguka peke yake au iwe imechongwa butu. Ncha kali kama ya msumari itatoboa krenki.

Kisha bolti. Zinazokuja na pula za bei rahisi mara nyingi ni laini kama risasi ya nyavu. Tazama kichwani: namba 8.8 ndiyo ya chini kabisa ninayoikubali, na 10.9 ni bora zaidi. Bolti isiyo na namba yoyote irudishe. Upana wake upime kwenye flaiwili yako. Mara nyingi utakuta milimita 8, lakini mara nyingi si kila mara, na bolti ya inchi inayokaribiana na ya milimita itaingia mizunguko miwili kisha iharibu uzi.

Urefu ndio mtego mkubwa kuliko yote. Bolti ikiwa fupi inashika mizunguko miwili mitatu tu na itang'oka na uzi wa flaiwili. Taka iingie angalau kiasi cha upana wake: bolti ya milimita 8 iingie milimita 8 au zaidi. Ikiwa ndefu mno, inapita upande wa chini na kutoboa koili ambazo ndizo ulikuja kuziokoa. Mimi hutumia kijiti cha kiberiti: nakichomeka kwenye tundu, napima unene wa flaiwili, naweka alama ya rangi kwenye bolti. Bolti isipite alama hiyo.

Kama una fundi wa leidhi karibu, pula ya kuchongesha si mzaha. Bamba la milimita 12, katikati tundu lenye uzi wa milimita 14 au 16, vidirisha vitatu vilivyokatwa kwa nafasi sawa. Mwambie akaze macho kwenye tundu la katikati liwe wima kabisa. Likiinama hata kidogo, pula itavuta upande mmoja.

Kazi yenyewe

Ipandishe boti mchangani, au bora zaidi itoe mashine uifunge kwenye farasi wa mbao kivulini. Kufanya kazi hii boti ikiwa majini ni kutafuta kuipa bahari soketi yako. Chomoa mpira wa petroli, toa betri kama ipo, toa kamba ya kuzimia, na chomoa waya za plagi zote. Petroli iliyomwagika iache ikauke kabla ya kugusa chochote chenye umeme.

Vua kofia ya mashine na starta ya kamba. Piga picha kwa simu kabla ya kila hatua, maana keshokutwa hutakumbuka waya wa bluu ulipita wapi. Kama kuna skrubu za msalaba zilizoganda, jua kwamba mashine za Kijapani zina msalaba wao. Bisibisi ya kawaida hukaa nusu nusu, hupanda juu na kula kichwa. Tumia bisibisi ya Kijapani, au ile ya kugonga kwa nyundo ambayo kila pigo linaisukuma ndani na kuizungusha kwa pamoja. Hiyo ya pili imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa kingine chochote sandukuni, hasa kwa skrubu za chuma zilizoolewa na aluminiamu kwa chumvi.

Nyunyiza dawa ya kulegeza kutu kwenye nati jioni, uifungue asubuhi. Dizeli hufaa ukikosa, ila huchelewa.

Weka kishikio. Mpini wa kishikio na mpini wa soketi viwe karibu karibu, mfano wa herufi V nyembamba, uvisukume vikutane kwa mikono yako miwili. Ukivitenganisha pande mbili utahitaji mtu wa pili na mashine nzima itataka kupinduka. Sukuma polepole hadi uhisi imeshika, kisha mkupuo mmoja.

Nati ikilegea usiitoe. Izungushe irudi juu hadi uso wake uwe sawa na ncha ya krenki. Hapo inafanya kazi mbili: inaukinga uzi, na flaiwili ikiachia ghafla inaizuia isikurukie kidevuni.

Funga bolti tatu za pula kwa vidole, zote kwa kina kimoja. Piga jicho kwa pembeni: bamba liwe sambamba na flaiwili. Tone la grisi kwenye ncha ya skrubu ya katikati. Kaza hadi iwe ngumu kweli, kisha ngoja. Nenda kaswali, au kanywe kahawa. Mara nyingi nimerudi nikaikuta imeachia yenyewe.

Ikigoma, chemsha birika la maji uyamwage taratibu kwenye kitovu cha flaiwili, huku krenki ikibaki baridi. Kitovu hutanuka kidogo, na kidogo hicho chatosha. Maji yasimwagike kwenye koili zaidi ya lazima, na baadaye ukaushe kila kitu. Moto wa gesi hapana: sumaku hupoteza nguvu zikipata joto kali, gundi inayeyuka, na wewe umekaa juu ya mashine yenye petroli. Kisha ongeza robo mzunguko kwenye skrubu. Pigo moja jepesi la nyundo ya shaba juu ya skrubu ya pula nalifanya mara chache, nikiwa nimekata tamaa. Moja, si kumi, kwani pigo hilo linashuka hadi kwenye beringi za krenki.

Inapoachia utaisikia. Toa pula, toa nati, inua flaiwili wima. Usiiweke mchangani! Sumaku zake hukusanya kila chembe nyeusi ya mchanga na kila unga wa grainda, na hivyo vyote vitaingia kwenye koili. Ilaze juu ya kitambaa safi, sumaku zikitazama juu.

Sasa toa kii uitazame kwenye mwanga. Ikiwa na ngazi katikati, kama imesukumwa pande mbili, imeanza kukatika. Nunua mpya ya ukubwa ule ule. Nimewahi kuona kii iliyochongwa kwa msumari. Mashine iliwaka, ikafika Shela, ikarudi kwa tanga la jirani.

Kurudisha

Futa tepa mbili, ya krenki na ya flaiwili, kwa kitambaa chenye thina hadi kitambaa kibaki cheupe. Hapa watu hunibishia: "Fundi, tia grisi, kesho isigande." Grisi mahali pengine pote, hapa usitie. Tepa hushika kwa kukauka. Ukiipaka, flaiwili itateleza, nayo itaikata kii kabla mwezi haujaandama.

Kii ikae imelala sawa mfereji wake, flaiwili ishuke bila kuisukuma nyuma. Tazama kwa tochi mfereji wa juu kuhakikisha bado ipo. Nati ikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako, ukishika kwa kishikio kile kile. Toki renchi ni ya kukazia tu; anayefungulia nayo nati zilizoganda anaiharibu vipimo vyake, na hatajua hadi siku flaiwili italegea.

Zungusha kwa mkono mzunguko mzima ukitega sikio. Kusiwe na mkwaruzo. Rudisha starta ya kamba na waya za plagi, washa mashine ikiwa na maji ya kuipoza, isikilize kwa dakika chache, izime, kisha ipime tena nati kwa toki renchi.

Vifaa vyenyewe huliwa na hewa yetu haraka kuliko kazi. Mimi hutumia ndoo ya rangi yenye kifuniko, na chini yake kitambaa kilicholoweshwa oili chafu. Pula huenda humo ikiwa imefutwa, bolti zake tatu zimefungwa pamoja kwa waya, na alama ya rangi ikionekana. Ami alipoiona ndoo hiyo mara ya kwanza aliifungua, akakitoa kishikio, akakipima mkononi. "Hiki ndicho," akasema, akakirudisha, akafunga kifuniko.